Nyumba Iliyofungwa Nayo Hula



Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya haya, wiki hii twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, na hasa akina mama ambao ndio washika hesabu wa nyumba zetu, juu ya jambo lenye kuwakuta wengi na kusemwa na wachache. Nyumba ikiharibika, watu wakahama ili itengenezwe, gharama zake huendaje?

Watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa kwamba nyumba huharibika. Wazee wangali wanaikumbuka mvua ya El Nino ya 1997 na 1998. Mwisho wa 2023 ilirudi tena. Mwezi wa Novemba maji yalilikata daraja la Mbogolo katika barabara ya Kilifi na Malindi, na Mto Sabaki ukafurika hata ukaingia katika mashamba na nyumba za ndugu zetu wa Magarini. Masika ya 2024 yakaikuta ardhi ingali imelowa. Na mahali pengine si maji bali ni moto: paa moja la makuti hushika, upepo ukavuma, na kufumba na kufumbua safu nzima ya nyumba haina paa.

Misiba hiyo ikitokea, watu huja, husaidia kutoa vyombo, hutoa pole na kuomba dua. Jambo hilo ni jema na lina thawabu. Lakini miezi inayofuata, wakati nyumba imesimama tupu ikingoja mafundi, haina mgeni wala pole. Na hiyo ndiyo miezi inayoitafuna familia kimyakimya. Tunayasema haya kwa kuwa yametukuta sisi wenyewe.

Yaliyotukuta

Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe na chokaa, yenye dari ya boriti, katika mitaa ya kale ya Malindi. Usiku mmoja wa masika hayo ya 2024, dari ya chumba cha juu iliporomoka na ukuta wa upande wa hamamu ukapasuka. Hapana aliyeumia, alhamdulillah. Fundi alipokuja asubuhi alituambia tuhame, kwani ukuta huo ulihitaji kukauka barabara kabla ya kuguswa, na kazi yote ingechukua kama miezi mitatu. Tukahamia Barani kwa dada mkubwa wa mwenzetu wa nyumbani, sisi na watoto wetu wanne. Tukafunga mlango, tukatia ufunguo mfukoni, na tukadhani kwamba matumizi ya nyumba ile yamefungwa pamoja na mlango wake.

Baada ya mwezi mmoja ikaja bili ya maji. Tulipokuwa tukiishi mle, watu sita, tukioga, tukifua na kupika, bili yetu haikuwa ikizidi shilingi elfu moja. Safari hii, nyumba ikiwa haina mtu, bili ilikuwa shilingi 6,400. Tokeni za umeme nazo tulikuwa tumezinunua mara tatu. Wakati huohuo fundi alikuwa akitusukuma mwezi mbele, kwani kila akigusa ukuta ule hutikisa kichwa na kusema, "Sheikh, ukuta huu haukauki."

Pesa zilipungua. Mwenzetu, bila ya kuombwa, akavua bangili moja katika zile za mahari yake, akaipeleka kwa sonara, na akatuletea pesa za mafundi. Tulizipokea, na hatuoni fahari kulisimulia hilo. Tutalirudia mbele, inshallah.

Aliyeligundua tatizo pia ni yeye. Alianza kuandika katika daftari la shule kila shilingi iliyokuwa ikitoka, na akamwagiza mtoto wetu wa kiume, apitapo kwenda chuoni alasiri, aitazame mita ya maji iliyo kichochoroni. Mtoto akarudi akasema, "Mama, mifereji yote imefungwa, lakini kigurudumu cha mita kinazunguka." Ukuta ulipopasuka, bomba lililopita chini ya sakafu ya hamamu nalo lilipasuka. Kwa muda wa wiki nyingi tulikuwa tukilipia maji yaliyokuwa yakiingia ardhini chini ya ukuta uleule tuliokuwa tukingoja ukauke. Yaani tulikuwa tukiunywesha kwa mkono mmoja na kuungoja kwa mkono wa pili.

Sunna ya kufunga nyumba

Tangu siku hiyo tumeitazama kwa jicho jingine Hadithi tuliyoisomesha watoto miaka mingi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Jabir bin Abdillahi (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alituelekeza, usiku uingiapo, tufunge milango, tufunge vinywa vya viriba, tufunike vyombo na tuzime taa, hali tukilitaja jina la Mwenyezi Mungu. Adabu hii ni ya kila usiku, lakini nyumba iliyohamwa ni kama nyumba iliyoingiwa na usiku wa miezi mitatu. Mambo hayo manne, yaani maji, taa, vyombo na milango, ndiyo yaleyale ambayo kwayo nyumba tupu hula mali ya mwenyewe. Na tuyatazame moja baada ya jingine.

Maji

Kabla ya kuhama, fungeni mifereji yote, kisha mwendee mita na muandike tarakimu zake. Ngojeni saa moja, au bora zaidi usiku kucha, mkaisome tena. Zikiwa tarakimu zimesogea na hapana aliyetumia maji, kuna bomba linalovuja. Kisha fungeni koki iliyo karibu na mita, ile inayozuia maji yote yasiingie ndani. Kama haipo, fundi wa mabomba aweza kuitia kwa kazi ya siku moja, na gharama yake haifiki hata nusu ya ile bili yetu.

Mafundi wakihitaji maji ya kuchanganyia, wajaziwe pipa asubuhi na koki ifungwe. Wenye visima majumbani waweza kutumia maji ya kisima kuoshea sakafu na vyombo vya kazi. Ila tahadhari: visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na maji ya chumvi hayafai kuchanganyia zege lenye vyuma, kwa sababu chumvi huvila vyuma kwa ndani. Mwenye kuokoa shilingi mia ya maji leo huenda akajenga nguzo itakayopasuka kesho.

Pia iulizeni kampuni ya maji kama kuna ada ya mita inayoendelea hata maji yasipotumika. Kama ipo, ilipeni kila mwezi, isirundikane hadi laini ikakatwa na mkadaiwa gharama ya kuunganishiwa upya.

Maji yanayotufikia Malindi na Kilifi hutoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, na mifereji yetu hukauka mara kwa mara. Hivyo maji yanayovuja katika nyumba tupu si hasara ya mwenye bili peke yake. Ni maji ambayo jirani aliyaamkia alfajiri na asiyapate. Imesihi kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kiasi cha viganja viwili vilivyokutanishwa vikajaa, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Huo ndio mwendo wa nabii wetu katika maji ya ibada. Vipi basi maji yanayokwenda bila ya kumnufaisha yeyote?

Umeme

Hapa usalama hutangulia kuliko pesa. Nyumba iliyoingiwa na maji au moto isiwashwe umeme mpaka fundi wa umeme mwenye leseni azipime nyaya zake. Ukuta uliolowa hubeba umeme, na mtoto au kibarua aweza kuuawa nao.

Baada ya hapo, zimeni swichi kuu, au mwacheni fundi azime njia zote isipokuwa moja ya mafundi. Tangu 2018 ile ada ya kila mwezi isiyofungamana na matumizi iliondolewa kwa wateja wa nyumbani, kwa hivyo mita ya tokeni katika nyumba iliyozimwa yapasa kubaki palepale ilipo. Mkiona yuniti zapungua, kuna kinachokula. Kwetu sisi lilikuwa ni jokofu lililokuwa likinguruma usiku na mchana, na ndani yake mna chupa mbili za maji na ndimu zilizokauka.

Mafundi nao hutumia mashine za kukata na kuchomelea, nazo hula yuniti nyingi. Bei ya yuniti huenda kwa madaraja: kuna ya wale wasiozidisha yuniti 30 kwa mwezi, ambayo ndiyo nafuu kuliko zote, kisha ya wale wasiozidisha 100, kisha ya waliovuka hapo. Mashine za wiki chache zaweza kuwapandisha daraja. Basi mkubaliane na fundi tangu siku ya kwanza, na muandikiane, ni nani atakayelipia umeme na maji ya kazi. Sura al-Baqara imetuhimiza kuandika madeni kwa urefu usiopatikana katika hukumu nyingine. Haiwi aibu kuandikiana na fundi mnayemjua.

Vyombo na milango

Tangi likiachwa na maji bila ya kifuniko huwa kitalu cha mbu. Pwani yetu yaijua homa ya dengi na chikungunya, na mbu wake huzaa katika maji safi yaliyotuama. Gharama ya hospitali ni bili nayo. Mwageni maji ya matangi, mitungi na ndoo, na muvifunike. Mtungi wa gesi nendeni nao mnakohamia. Jokofu lisafisheni, lizimeni na liacheni mlango wazi lisishike ukungu.

Huduma za televisheni zinazolipiwa kabla zisilipiwe. Intaneti ya nyumbani muombe isimamishwe au ihamishiwe mnakokwenda, na ombi hilo liwe kwa maandishi. Kodi ya ardhi ya kaunti, kwa upande mwingine, haitazami kama nyumba ina watu au haina. Ikicheleweshwa huongezewa faini, kwa hivyo iwekwe katika daftari mapema.

Ama milango, hati za shamba, vyeti vya watoto, dhahabu na misahafu visibaki nyuma. Na jirani apewe habari. Jirani mmoja mwenye macho aliyepewa heshima yake ni bora kuliko kufuli tatu. Sisi tulimwachia jirani yetu mwanamke, mtu mzima, ufunguo wa pili, na kila Ijumaa watoto walimpelekea sahani ya mkate wa sinia. Mlango wetu haukuguswa.

Mahali mlipokaribishwa

Wengi wetu hatupangi nyumba tukihama. Twaenda kwa jamaa. Hiyo ni neema, lakini ina hesabu yake. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba ukaribishaji wa mgeni ni siku tatu na zaidi ya hapo ni sadaka, na kwamba si halali kwa mgeni kukaa hadi amtie mwenyeji wake katika dhiki. Nao wahenga wetu wakasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Kwa hivyo msipunguze bili zenu kwa kuzihamishia kwa mwenyeji. Watu sita wakiingia katika nyumba ya watu, umeme, maji, gesi na unga vyote huongezeka. Mwenyeji hatasema, kwa haya, lakini yeye pia ana mume na ana hesabu. Mwenzetu alifanya jambo tulilolipenda. Hakumpa dada yake pesa mkononi, kwa kuchelea kumvunjia heshima. Alinunua tokeni akazitia mwenyewe, akawa akileta mchele na mafuta kila mwanzo wa mwezi, na akachukua zamu ya kupika. Dada alipokataa alimwambia, "Dada, wewe umetupa paa. Usitunyime sisi kukupa chungu."

Kwa waliokuwa wapangaji, jueni kwamba kodi ya nyumba ni malipo ya manufaa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, nyumba iliyopangwa ikibomoka mkataba huvunjika kwa muda uliobaki, na mpangaji hadaiwi siku ambazo hakuweza kukaa. Ikiwa imeharibika sehemu tu, zungumzeni na mwenye nyumba kwa upole, mkubaliane juu ya kupunguziwa, na muandike. Wenye nyumba nao wamche Mungu. Si halali kumlipisha mtu kwa vyumba visivyo na paa.

Visivyopunguzwa

Kubana matumizi si ubakhili. Sura al-Furqan imewasifu waja wema kuwa ni wale ambao wakitoa hawafanyi israfu wala hawafanyi uchoyo, bali huwa katikati. Basi yapo yasiyoguswa. Ujira wa fundi na kibarua, ambao tumeamrishwa tuwape kabla jasho lao halijakauka. Mshahara wa mlinzi au wa dada wa kazi, ambaye nyumba ikifungwa huambiwa angoje hadi turudi, kana kwamba tumbo lake nalo laweza kufungwa kwa ufunguo. Karo ya shule na ya chuo cha watoto. Na zaka ikiwa imewajibika.

Pia msijitupe katika mikopo ya riba, hasa ile ya kwenye simu inayochukuliwa usiku kwa dakika mbili na kulipwa kwa miezi. Akina mama wenye mchezo wa pesa waweza kuomba zamu yao itangulizwe. Jamaa wenye uwezo watoe mkopo mwema usio na nyongeza. Na mwenye kufikiwa na janga asione haya kusema. Katika Hadithi ya Qabisa bin Mukhariq (R.A.), aliyoipokea Muslim, miongoni mwa watu watatu walioruhusiwa kuomba ni mtu aliyepatwa na janga lililoangamiza mali yake, mpaka apate cha kumsimamisha. Maimamu na kamati za misikiti yetu walijue hilo, na waendelee kuuliza hali hata baada ya wiki ya kwanza ya pole.

Na watakaojaaliwa kujenga tena wafikirie bima ya takaful, ambayo kampuni yake ya kwanza hapa Kenya, Takaful Insurance of Africa, ilianza kazi 2011. Mtume wetu alimfunza Mbedui amfunge ngamia kwanza kisha ategemee.

Bangili

Tulirudi nyumbani baada ya miezi mitano badala ya mitatu. Bomba lilipotengenezwa na koki kufungwa, ukuta ulikauka kwa wiki chache, na bili za miezi iliyofuata hazikufika hata shilingi mia tatu. Siku moja tukiwa tumekaa barazani tulilichukua lile daftari na kufanya hesabu. Tulijumlisha maji yaliyovuja, tokeni zilizoliwa na jokofu tupu, na miezi miwili ya ziada iliyosababishwa na ukuta usiokauka. Jumla yake ilikuwa inakaribia sana thamani ya bangili iliyouzwa.

Tulinyamaza kwa muda. Twawasomesha watu kwamba matumizi ya nyumba ni juu ya mume, na kwamba mahari ni mali ya mke, haliwi la mume ila kwa ridhaa yake. Mwenzetu alisema kuwa ametoa kwa moyo mweupe. Hata hivyo tulichukua kalamu, na katika ukurasa wa mwisho wa daftari tukaandika deni hilo kwa jina lake, tarehe na uzito wa dhahabu. Twalipa kidogo kidogo, na bado hatujamaliza. Twawaomba waume wenzetu ambao wake zao waliuza dhahabu katika misiba kama hii wakumbuke kuandika.

Nanyi akina mama, daftari la shilingi hamsini na mtoto mmoja wa kutazama mita viliweza kutuokolea bangili kama tungalianza siku ya kwanza. Msingoje bili.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarejeshe majumbani mwao wote waliohamishwa na mvua na moto, awape badali bora, atulinde na israfu na ubakhili, na azijaze nyumba zetu baraka. Wabillahi tawfiq.